Neno Moja Kwenye Fomu

Kutokuwepo kwa Gitari kulianza Jumapili moja ya mwezi wa tatu, kwenye benchi la wazee wa kanisa. Benchi hilo lilikuwa la watu sita. Siku hiyo walikaa watano, na mahali pake, pale karibu na dirisha, palibaki wazi. Binti yake Wawira, aliyekuwa amesimama na kwaya, alipaangalia mara tatu. Asubuhi baba alikuwa amewaambia, "Tangulieni. Nitawafuata kabla ya mahubiri." Mahubiri yakaanza, yakaisha. Sadaka ikatolewa. Pale dirishani palikuwa na jua tu.

"Baba yako amelala," Wambeti, mama yake, alimnong'oneza walipotoka nje. "Leo nitamcheka mpaka jioni."

Hakuwa amelala. Walimkuta kati ya mikahawa, chini ya mti wa mukima, panga likiwa mbali na mkono wake. Ngazi ilikuwa bado imeegemea shina. Alikuwa amepanda kupunguza matawi ili kahawa ipate mwanga kabla ya mvua. Ngazi ilikuwa ya jirani yao Mbogo, na Mbogo aliihitaji Jumatatu asubuhi. Ndiyo maana Gitari, mzee wa kanisa, alipanda mti siku ya Jumapili.

Alikuwa na fahamu. Wambeti alipofungua kinywa kulia, alimzuia.

"Usipige kelele. Watu wanatoka kanisani."

Mbogo alileta gari lake la kubebea maziwa, wakashuka naye kutoka Kianjokoma hadi hospitalini Embu. Picha ilionyesha mbavu nne zimevunjika. Wawira alishusha pumzi. Alidhani mbavu ni jambo dogo. Mguu ukivunjika kila mtu anauona. Mbavu zikivunjika, mtu hufunikwa blanketi akaonekana mzima.

Lakini baba yake hakuweza kuvuta pumzi ndefu. Kikohozi kilipokuja, alishika ubavu na kukizuia.

"Mzee, kohoa," muuguzi alimwambia kila siku. "Usipokohoa, uchafu unabaki ndani ya mapafu."

"Binti yangu, ukipewa hizi mbavu zangu kwa dakika moja, hutasema tena neno hilo."

Muuguzi alicheka. Gitari hakuweza kucheka, kwa sababu kucheka pia kuliuma.

Siku ya sita joto la mwili lilipanda. Siku ya nane daktari alisema ni nimonia. Siku ya kumi na moja, Jumatano, Wambeti alifika na uji kwenye chupa akakuta kitanda kimetandikwa shuka safi.

*

Kuna jambo ambalo watu wa nyumba hiyo hawakulisema.

Mwezi wa kwanza mwaka huohuo, Gitari alikuwa amemsimamisha mama mmoja mbele ya kanisa. Jina lake ni Teresia. Alikuwa ameonekana akichuma kahawa siku ya Jumapili. Gitari alisoma jina lake kwa sauti, na Teresia akasimama, kitambaa cha kichwa kikiwa kimeteremka usoni, mpaka mchungaji alipomwambia aketi. Hata Wawira aliona haya kwa niaba yake.

Ndiyo maana hospitalini Gitari alimshika mkewe mkono. "Wakikuuliza, usitaje mti."

"Nitasema nini?"

Alifikiri kidogo. "Sema ni kifua."

Neno hilo lilikuwa zuri kwa kazi hiyo. Huko kwao, mtu mwenye homa ya mapafu huambiwa ana kifua. Mtu mwenye mafua mabaya naye ana kifua. Na mbavu ziko wapi, kama si kifuani? Wambeti hakuona kwamba amesema uongo. Waliokuja kumwona mgonjwa waliambiwa ni kifua. Siku ya mazishi, Wawira mwenyewe alisimama kando ya jeneza akasoma historia ya maisha ya baba yake: alizaliwa, akabatizwa, akaoa, "akaugua kifua kwa muda mfupi." Mbogo, ambaye alijua ukweli, aliinama akaangalia viatu vyake.

Baada ya mazishi, karani wa ushirika wa kahawa aliwaletea fomu. Kila mwanachama alikuwa amekatiwa bima ya ajali, na Gitari alikuwa mwanachama. Wambeti aliacha shule darasa la tano, kwa hiyo Wawira ndiye aliyejaza. Jina. Umri. Tarehe ya kifo. Kisha akafika mstari wa tano.

"Mama, hapa wanauliza chanzo cha kifo."

Wambeti alikuwa akichambua maharagwe. Mikono yake ilisimama.

"Andika kifua."

"Lakini mama..."

"Si alikufa kwa kifua? Daktari hakusema nimonia? Andika."

Wawira aliandika. Waliambatanisha kibali cha mazishi, ambacho nacho kilisema nimonia, na kijitabu cha mazishi chenye picha ya baba akiwa amevaa suti ya kijivu.

Jibu lilikuja baada ya wiki saba. Lilikuwa fupi. Bima hii ni ya ajali. Marehemu alikufa kwa ugonjwa. Kampuni haitalipa.

Wambeti aliikunja barua hiyo mara nne. Aliiweka chini ya kikombe cha chai. Kisha akasema, bila kumwangalia binti yake, "Muhula ujao utapumzika kidogo. Shangazi yako anatafuta mtu wa kumsaidia hotelini Embu."

Wawira alikuwa kidato cha tatu. Alijua wasichana watatu waliopumzika kidogo. Hakuna hata mmoja aliyerudi.

*

Jumatano iliyofuata, mwalimu wa masomo ya biashara aliingia darasani akiwa na chaki mbili, bila kitabu. Wanafunzi walimwita Madam Nkirote. Alikuwa mtu wa Meru, mrefu, mwenye sauti ya kusikika mpaka jikoni.

Aliandika ubaoni maneno mawili ya Kiingereza, akayapigia mstari.

"Haya ndiyo mtaandika kwenye mtihani," alisema. "Lakini leo nataka muelewe kwanza, kwa hiyo nitatumia Kiswahili. Kwa Kiswahili tuite chanzo cha karibu. Ni kanuni ya bima. Sasa nisikilizeni. Mama yangu anauza unga katika soko la Gakoromone. Tuseme ana stoo, na stoo ina bima ya moto. Ya moto tu. Siku moja moto unatoka kwa jirani anayekaanga samaki. Watu wanakimbia na ndoo. Wanamwaga maji mpaka moto unazima. Unga haukuungua hata kilo moja. Lakini wote umelowa, umekuwa uji. Haya, unga umeharibiwa na nini?"

"Maji!" darasa zima likajibu.

"Na bima ni ya?"

"Moto!"

"Kwa hiyo mama yangu alipwe au asilipwe?"

Mvulana mmoja wa nyuma, Gachoki, aliinua mkono. "Asilipwe, Madam. Wenye ndoo ndio walipe."

Wakacheka. Madam Nkirote naye akacheka.

"Gachoki, wewe nyumba yako ikiungua hakuna mtu atakuja na ndoo. Niambie, wale watu waliamka asubuhi wakiwa na mpango wa kulowesha unga wa mama yangu?"

"Hapana."

"Maji yaliitwa na nani?"

"Na moto."

"Sawa. Moto ukaleta watu. Watu wakaleta maji. Maji yakaharibu unga." Alichora pete nne ubaoni, moja imeingia ndani ya nyingine kama mnyororo. "Angalieni kama kuna pete iliyokatika. Hakuna. Basi ingawa maji ndiyo yalikuja mwisho, chanzo ni moto. Na mama yangu atalipwa."

Msichana aliyeketi karibu na Wawira, Maxine, alikunja uso. "Lakini Madam, umesema chanzo cha karibu. Karibu si ni maji?"

"Hapo ndipo watu huanguka mtihani," mwalimu alisema. "Neno karibu linawadanganya. Si karibu kwa saa. Si kile kilichotokea mwisho. Ni karibu kwa nguvu. Ni kile kilichosukuma vingine vyote mpaka hasara ikatokea."

"Na kama unga haukulowa," Gachoki akauliza, sasa bila mzaha, "lakini wiki mbili baadaye panya wakaula?"

"Swali zuri. Panya walitumwa na moto?"

"Panya hawatumwi na mtu, Madam."

"Basi mnyororo umekatika. Hicho ni chanzo kipya, na bima ya moto haihusiki nacho. Mnaona? Kanuni hii inaweza kumsaidia mama yangu, na inaweza kumnyima. Inategemea ukweli wa mambo yalivyofuatana."

Wawira aliziangalia zile pete nne. Alizisoma kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akazisoma tena bila moto na bila unga. Mti. Mbavu. Kikohozi kilichozuiwa. Nimonia. Kalamu ilimtoka mkononi ikaviringika mpaka chini ya dawati la mbele. Hakuifuata.

Kengele ilipolia alibaki.

"Madam, na kama ni mtu?"

"Mtu gani?"

Wawira aliangalia mlango uliokuwa wazi. Madam Nkirote alifunga mlango, akaketi kwenye dawati la Maxine, akangoja.

*

Jumamosi mwalimu alipanda mpaka kwao. Wambeti alimkaribisha chai na ndizi za kuchemsha, akasikiliza yote kuhusu moto na unga. Kisha akatikisa kichwa.

"Mwalimu, nakushukuru. Lakini daktari ameandika nimonia. Daktari si mwongo."

"Si mwongo, Mama Wawira. Daktari ameandika kilichomuua. Bima inauliza kilichoanzisha. Hayo ni maswali mawili."

"Mimi nilimpa neno langu yule mtu."

"Neno gani?"

Wambeti aliinuka. Aliingia chumbani akatoka na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. "Karatasi za hospitali. Sijazifungua tangu tumlete nyumbani. Ziko kwa Kiingereza."

Wawira alifungua fundo. Muhtasari wa hospitali ulikuwa kurasa mbili za mwandiko wa haraka. Alianza kumsomea mama yake kwa Kiembu, mstari kwa mstari, akitafuta maneno.

Siku ya kwanza: ameanguka kutoka juu ya mti, mbavu nne za upande wa kushoto. Siku ya tatu: anapumua kidogo kidogo kwa sababu ya maumivu. Siku ya nne: anashindwa kukohoa. Siku ya sita: joto. Siku ya nane: nimonia, iliyotokana na mbavu kuvunjika. Siku ya kumi: mgonjwa anauliza kama mvua imenyesha Kianjokoma.

Wawira aliishusha karatasi.

"Endelea," mama yake alisema.

"Imeisha, mama. Ya kumi na moja ni saa tu."

Madam Nkirote aliangalia nje. Kisha akasema kwa upole, "Daktari mwenyewe ameufunga mnyororo. Anguko, mbavu, mapafu. Hakuna pete iliyokatika. Kama mzee angepona, akarudi nyumbani, akafanya kazi miezi mitatu, halafu akashikwa na malaria, ningewaambia msahau. Lakini hakutoka kitandani. Kampuni ilisoma neno moja kwenye fomu, na neno hilo lilianzia mwisho wa hadithi."

"Neno hilo niliandika mimi," Wawira alisema. Sauti ilimtoka kwa nguvu kuliko alivyotaka. "Mama, ni mwandiko wangu. Baba alianguka akifanya kazi yetu. Nikaandika kana kwamba hakufanya kitu, alilala tu akaugua. Nikasoma hivyo hata kando ya kaburi."

Wambeti alikusanya vikombe, ingawa cha mwalimu kilikuwa bado kimejaa. Alivipeleka jikoni. Walimsikia akimwaga maji, kisha wakasikia kwamba si maji tu, ni kilio pia.

Aliporudi alikuwa amenawa uso. "Wanataka nini hao watu wa bima?"

"Shahidi," mwalimu alisema. "Na barua ya naibu wa chifu, ikisema siku, saa na mahali."

"Siku," Wambeti akarudia.

"Ndiyo. Lazima siku iandikwe."

*

Jumatatu ofisi ya naibu wa chifu ilikuwa na watu wengi. Wengine walitaka barua za vitambulisho, wengine walikuwa na kesi ya mbuzi. Wambeti, Wawira na Mbogo waliketi kwenye benchi la ukutani. Upande wa pili, karibu na meza, aliketi Teresia akiwa na cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Wambeti alipomwona alitaka kuinuka aondoke. Mbogo akamshika mkono wa sweta.

"Kaa, Mama Wawira. Ngazi ilikuwa yangu. Tutasema pamoja."

Zamu yao ilifika. Naibu wa chifu alichukua kalamu. "Marehemu alianguka lini?"

"Mwezi wa tatu," Wambeti alisema.

"Tarehe?"

Alitaja tarehe. Naibu wa chifu aligeuka kuangalia kalenda ya ukutani, akarudisha kidole nyuma mpaka mwezi wa tatu. Kidole kikasimama. Chumba kikatulia, hata wenye mbuzi.

"Ilikuwa Jumapili," Wambeti alisema kabla hajaulizwa. "Asubuhi, wakati wa ibada. Alikuwa juu ya mukima. Nimewadanganya wote, na wewe pia. Nilisema kifua. Andika Jumapili."

Naibu wa chifu aliandika. Kisha Teresia akakohoa kidogo.

"Mimi nilijua, Mama Wawira."

Wambeti aligeuka.

"Nilipita njia ya juu nikienda kanisani. Nilimwona. Alinisalimia kutoka kule juu. Nikamwambia, mzee, leo ni siku gani? Akasema, 'Teresia, sasa ni zamu yako kunisimamisha mbele.' Tulicheka sana. Akaniambia amekuwa akitaka kuja kwangu kuzungumza yale ya mwezi wa kwanza, kwamba alikosea kusoma jina langu vile. Akasema atakuja Jumatatu."

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

"Na mbona hukumwambia mtu?"

"Ningemwambia nani, na mtu amelazwa hospitalini? Na baadaye nikasikia mnasema kifua. Nikasema moyoni, basi na kiwe kifua."

Wambeti alijifunika uso kwa leso. Mabega yake yalitikisika, na Wawira hakuweza kujua kama analia au anacheka. Yalikuwa yote mawili. Miezi minne alikuwa amelinda aibu ya mtu ambaye, juu ya mti, alikuwa tayari ameicheka.

"Niandike kama shahidi," Teresia alimwambia naibu wa chifu. "Mimi ndiye wa mwisho kumwona akiwa mzima."

*

Ofisa wa kampuni ya bima mjini Embu alikuwa kijana mwembamba aitwaye Mwirigi. Alisoma barua ya naibu wa chifu, maelezo ya Mbogo na Teresia, na muhtasari wa hospitali. Alisoma polepole, kisha akarudi kwenye fomu ya kwanza.

"Mama, mbona hamkuandika hivi tangu mwanzo? Sisi tunasoma karatasi. Hatukuwa pale."

"Ilikuwa Jumapili," Wambeti alijibu.

Mwirigi hakuelewa. Wawira alimweleza kwa kifupi. Kijana huyo alivua miwani.

"Mama, bima haina Jumapili. Haiulizi kama mtu alitakiwa kuwa kanisani. Inauliza nini kilianza, na kikafuatwa na nini, mpaka mwisho. Mkituambia hivyo, hata kama si jambo zuri, tunaweza kuamua. Mkificha, tunaamua kwa kile mlichoacha. Na mngeendelea kuficha mpaka mwisho, hata haki yenu mngeipoteza."

"Sasa itakuwaje?"

"Siwezi kuahidi. Nitaandika upya madai yenu, na daktari wetu atayasoma."

Barua ya pili ilikuja baada ya wiki tano. Wawira aliisoma wakiwa wamesimama mlangoni. Ilisema kampuni imekubali kwamba marehemu alianguka kutoka mtini, kwamba mbavu zilizovunjika zilimzuia kupumua na kukohoa, kwamba nimonia ilitokana na hali hiyo, na kwamba kuanguka ndiko chanzo cha kifo. Italipa.

"Soma tena pale," Wambeti alisema.

"Pa kulipa?"

"Hapana. Pale pa mti."

Wawira alisoma tena. Mama yake alisikiliza akiwa amefumba macho. Alimwambia asome mara ya tatu.

Wawira hakwenda hotelini kwa shangazi. Jumapili moja Wambeti aliomba nafasi kanisani, akaeleza mwenyewe jinsi mumewe alivyokufa, na siku. Akawaambia wanachama wa ushirika waliokuwepo wasijaze fomu ya bima kwa aibu wala kwa haraka. Wataje jambo la kwanza lililotokea, halafu la pili, halafu la tatu, na watunze kila karatasi ya hospitali. Baadhi ya wazee hawakupenda. Mmoja alitoka nje. Teresia alimpelekea Wambeti maziwa jioni ile, nao wakakaa pamoja mpaka giza.

Karani wa ushirika naye alibadilisha jina la mwanachama daftarini mwake. Kahawa ya shamba lao sasa hupimwa kwa jina la Wambeti.